Retina kuvimba na steroidi za ndani ya jicho: ni nini hasa, na utafiti umefika wapi

Mtu akiambiwa "retina yako imevimba" anaenda kwenye kioo kuangalia, halafu anashangaa mbona jicho liko sawa tu. Uvimbe huu huuoni kwa nje. Retina ni utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, na katikati yake kuna kieneo kidogo sana kinaitwa makula, hicho ndo unachosomea meseji na kutambua sura za watu. Sasa vimishipa vya damu vya hapo vikianza kuvuja, maji yanajikusanya humo ndani, makula inanenepa, unaanza kuona ukungu katikati au fremu ya mlango inaonekana imepinda. Sababu kubwa ni sukari, nyingine ni mshipa wa retina kuziba (huyu mara nyingi ni mtu wa presha), au inflamesheni (mwili kujibu jeraha au ugonjwa kwa kuvimba) ya ndani ya jicho inayoitwa yuveitisi, na wengine inawapata wiki kadhaa baada ya operesheni ya mtoto wa jicho.

Steroidi inaingiaje hapo? Inatuliza inflamesheni, inafanya mishipa isivuje ovyo, na inapunguza VEGF, yaani ile protini inayochochea kuvuja. Shida ni kwamba ukinywa vidonge vya kutosha mpaka dawa ifike kule nyuma, sukari inapanda na presha inapanda, mwili mzima unateseka kwa ajili ya kieneo cha milimita chache. Ndo maana mwanzoni mwa miaka ya 2000 madaktari wakaanza kuchoma steroidi inayoitwa triamsinoloni ndani ya jicho lenyewe, dawa ileile wanayochomwa watu wenye magoti mabovu, na uvimbe ukawa unashuka haraka mno, kila mtu akafurahi.

Furaha ikapoa. Mtandao wa watafiti wa Marekani, DRCR, walitoa matokeo mwaka 2008 ya macho 840 ya wagonjwa wa sukari, sindano ya steroidi dhidi ya leza. Baada ya miezi 4 dozi ya steroidi ya miligramu 4 inaongoza, ila ilipofika miaka 2 waliopigwa leza ndo wanaona vizuri zaidi, tena bila presha ya jicho (mgandamizo wa ndani ya jicho, siyo presha ya damu) kupanda na mtoto wa jicho kuwaandama kama wenzao wa sindano. Mwaka 2010 haohao wakatoa matokeo ya kuijaribu ranibizumabu, mojawapo ya dawa za kuzuia VEGF, ikaipita steroidi. Lakini hapa pasome mara mbili: kwa wale ambao lenzi yao ya asili ilishatolewa wakawekewa ya bandia, steroidi pamoja na leza ilikwenda karibu sawa na ranibizumabu. Maana yake sehemu kubwa ya kushindwa kwa steroidi haikuwa kwenye retina kabisa, ni lenzi ya mbele ilikuwa inaingia ukungu.

Toka hapo swali likabadilika, ikawa ni jinsi ya kuifanya dawa itoke kidogokidogo, na nani apewe. Ozurdex ni kijiti cha miligramu 0.7 za deksamethasoni (steroidi nyingine), kinachomwa ndani ya jicho kinatoa dawa kwa miezi kadhaa kisha kinayeyuka chenyewe, Marekani walikiruhusu 2009 kwa mshipa ulioziba na 2014 kwa uvimbe wa sukari. Kwenye majaribio ya miaka 3 ya wagonjwa wa sukari, asilimia 22 waliongeza herufi 15 au zaidi wanazoweza kusoma kwenye chati ya macho, dhidi ya asilimia 12 ya wasiopewa dawa, ila kwa wenye lenzi yao ya asili karibu asilimia 68 walipata shida ya mtoto wa jicho. Iluvien, kijiti kingine, yenyewe ina fluosinoloni (steroidi pia), inakaa mpaka miezi 36, haiyeyuki, na kule Marekani kwa uvimbe wa sukari inatakiwa uwe ulishawahi kutumia steroidi na presha ya jicho haikupanda. Inaeleweka, maana dawa ya miaka 3 ikikukataa huichomoi kirahisi. Mwaka 2021 ikaja Xipere kwa ajili ya yuveitisi, triamsinoloni inayopitishwa kati ya ukuta mweupe wa jicho na tabaka la mishipa lililo chini yake, lengo ni dawa ikae nyuma isisumbue lenzi.

Utafiti ninaoupenda mimi ni wa 2018, wa DRCR haohao: walichukua macho ambayo uvimbe umegoma licha ya sindano za ranibizumabu, wakaongeza deksamethasoni. Picha za retina zikaonyesha uvimbe umepungua zaidi, lakini kwa wastani kuona hakukuongezeka kuliko wale waliobaki na ranibizumabu peke yake. Kwa hiyo picha nzuri na macho kuona ni vitu viwili, hasa uvimbe ukishakaa muda mrefu seli zenyewe zinakuwa zimeumia.

Kwa uvimbe wa sukari siku hizi wengi wanaanzia dawa za kuzuia VEGF, steroidi inasubiri. Inapewa nafasi mapema kwa mwenye lenzi ya bandia, aliyetoka kupata kiharusi, au asiyeweza kurudi kliniki kila mwezi. Na yale matone ya steroidi ya duka la dawa siyo haya tunayoongelea, kwa uvimbe wa sukari hayafiki nyuma kiasi cha kutosha, ila presha ya jicho yanaweza kuipandisha vilevile, usijinunulie.