Je, wajua kwa nini mdakaji wa besiboli huchakaa mapema?

Mechi 42. Hizo ndizo mechi zote alizocheza Moses Fleetwood Walker katika ligi kuu za besiboli za Marekani, na zote ni za mwaka 1884, akiwa na timu ya mji wa Toledo, Ohio. Alikuwa mdakaji, tena alikuwa mtu mweusi. Yote mawili yalimfupishia safari, na huwezi kuona alichotendewa kwa rangi yake bila kwanza kuijua kazi ya mdakaji.

Kwa asiyeujua mchezo: mrushaji anatupa mpira, mpigaji anajaribu kuupiga kwa gongo, na mdakaji amechuchumaa nyuma ya mpigaji akiungoja. Leo mrushaji husimama mita 18.44 kutoka kwenye kibao anacholenga, na wenye mikono mizito hutupa kwa kasi ya kilomita 150 kwa saa na zaidi. Mpira una gramu 145 hivi, mgumu, na unafika kabla ya nusu sekunde kwisha.

Unaweza kudhani kinachoumiza ni kasi hiyo. Kumbe mpira unaokuja moja kwa moja ni afadhali, maana glavu imeshaujua njia. Mbaya ni ule ulioparazwa na gongo. Unapinda kidogo tu, ukiwa umeshafika karibu na uso, na mkono hauna tena muda wa kuhama. Utampata mdakaji kwenye kidole cha mkono usio na glavu, au kooni, au kwenye kinyago. Kinyago kinaokoa meno na macho, lakini hakiuzuii ubongo kutikisika ndani ya fuvu. Ongeza kuchuchumaa na kuinuka zaidi ya mara 100 katika mechi moja, msimu una mechi 162, halafu fikiria hali ya magoti.

Ndiyo maana timu hutembea na wadakaji wawili, na wote wakiumia anaitwa haraka mtu wa ligi ya chini. Wengine huja namna hiyo, wakacheza siku mbili tatu, wakarudishwa, na majina yao hayaonekani tena.

Ila kuna kinga moja isiyovaliwa mwilini, nayo ni ishara. Kwa miaka mingi, hadi ligi kuu iliporuhusu vifaa vya kielektroniki mwaka 2022, kabla ya kila mpira mdakaji alishusha vidole kati ya mapaja kumwambia mrushaji atupe nini: wa kasi, au wa kupinda. Wakishakubaliana, anajua aweke mkono wapi. Mrushaji akivunja makubaliano, mwenzake anakuwa kama mtu anayevuka barabara kuu amefungwa kitambaa machoni.

Walker alifanyiwa hivyo na mwenzake wa timu moja. Mrushaji Tony Mullane alikiri mwaka 1919 kwamba Walker alikuwa mdakaji bora kuliko wote aliowahi kucheza nao, lakini kwa kuwa yeye hakuwapenda watu weusi, alitupa alichotaka bila kutazama ishara. Alisimulia kwamba siku moja Walker aliomba wa kupinda, akaletewa wa kasi. Akaudaka. Akamfuata Mullane pale aliposimama, akamwambia yuko tayari kumdakia bila ishara yoyote, ila hatakubali atoe ishara kisha asalitiwe. Kuanzia hapo, msimu wote uliobaki, alidaka kila kilichokuja bila kujua kinakuja nini. Enzi hizo glavu ilikuwa kipande chembamba cha ngozi, na mrushaji alisimama karibu zaidi, mita 15 hivi. Kila nikikumbuka habari hii naona uchungu, halafu nastaajabia mikono ile.

Mwaka huohuo mpira ulimvunja ubavu, na msimu haujaisha akaachwa. Mdogo wake, Weldy, alicheza mechi 5 tu katika timu hiyohiyo. Baada yao watu weusi walifungiwa mlango wa ligi kuu hadi alipoingia Jackie Robinson mwaka 1947.

Wapo wadakaji waliodumu. Iván Rodríguez alidaka mechi 2,427, na hakuna aliyemfikia. Lakini Buster Posey alivunjika mguu mwaka 2011 alipogongwa na mkimbiaji wa timu pinzani, akarudi akang'ara, kisha akastaafu baada ya msimu wa 2021 akiwa na miaka 34 tu. Joe Mauer wa timu ya Minnesota, aliyeshinda tuzo ya mpigaji bora mara tatu akiwa mdakaji, alipata mtikisiko wa ubongo Agosti 2013 kwa mipira ya kuparazwa, akahamishiwa nafasi nyingine.

Tarehe 30 Septemba 2018, katika mechi yake ya mwisho, Mauer alitoka akiwa amevaa tena kinyago na vikinga miguu. Uwanja mzima ukasimama. Akachuchumaa, akadaka mpira mmoja, akaondoka akifuta machozi.