Pia ya goti inapoumia

Pia ya goti ni kile kifupa cha mbele ya goti ambacho ukilegeza mguu unaweza kukisogeza kwa vidole. Wengi huiona kama ngao tu ya goti. Kukinga inakinga, lakini kazi yake kubwa ni nyingine. Imekaa ndani ya kano (kamba ngumu inayounganisha misuli na mfupa) ya misuli ya mbele ya paja, na kwa kuisukuma kano hiyo mbele kidogo huiongezea misuli nguvu ya kunyoosha mguu, kama kapi linavyosaidia kamba.

Ndiyo maana mtu aliyeangukia goti huambiwa na daktari alale chali, anyooshe mguu na kuuinua. Mguu ukikataa kabisa, huenda pia ya goti imevunjika na vipande vimeachana, au kano imekatika. Eksirei huonyesha mfupa ulivyo, ingawa nayo hupotosha: wapo watu ambao pia zao hazikuungana utotoni, zikabaki vipande viwili visivyo na madhara yoyote.

Pia iliyopata ufa tu, na mguu bado unanyooka, kwa kawaida haihitaji upasuaji. Goti hufungwa likiwa limenyooka kwa wiki 4 hadi 6 hivi. Vipande vilivyoachana ni habari nyingine, kwa sababu misuli ya paja huendelea kukivuta cha juu. Hapo daktari hufungua goti na kuvibana kwa waya, pini au skrubu. Kuiondoa pia yote ni hatua ya mwisho, maana nguvu ya kunyoosha mguu hupungua.

Kuteguka huwapata zaidi vijana: mguu umekita chini, mwili unageuka ghafla, pia inachomoka kuelekea nje. Mara nyingi hurudi yenyewe mguu unaponyooshwa, na mtu hufika hospitali na goti lililovimba tu. Isiporudi, asiye na ujuzi asiilazimishe. Hata ikirudi picha inahitajika, kwani kipande cha mfupa au cha gegedu, ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa, huweza kumeguka na kubaki ndani ya kiungo. Ligamenti ya upande wa ndani, yaani ukanda unaoishikilia pia mahali pake, nayo huwa imechanika, na ndiyo sababu wengine huteguka tena na tena hadi wafanyiwe upasuaji wa kuitengeneza upya.

Maumivu yanayokuja taratibu, ya kupanda ngazi, kuchuchumaa au kukaa sana goti likiwa limekunjwa, mara chache huhitaji kisu. Dawa yake ni mazoezi ya paja na nyonga, kwa miezi, si siku. Mazoezi hayo wanayahitaji hata waliofungwa plasta, kwa kuwa paja hukonda haraka na goti hukakamaa. Bahati mbaya wengi huona plasta ikitolewa wakadhani matibabu yamekwisha.