Approach of the Second Sun: usiitupe kwa sababu tu una lendi saba

Jana tena kijana mmoja kanitumia deki yake ya kontroli ya Magic: The Gathering (yaani deki ya kumzuia mpinzani mpaka umalize polepole), "kaka naomba uniangalizie, nina Approach nne ndani lakini napigwa tu". Sijui ni mara ya ngapi hii, na kila mara ugonjwa ni ule ule, mtu anaamini Approach ndiyo deki na karata zingine 56 zipo kuisindikiza. Jamani hapana, ni kinyume chake kabisa.

Kwa aliyesahau: ilitoka kwenye seti ya Amonkhet, 2017, gharama mana saba (mana ndiyo unayolipia karata, na unaipata kwenye lendi). Ya kwanza inakupa uhai 7 na inarudi kwenye rundo lako, ya saba kutoka juu. Ukiicheza tena kutoka mkononi na ikapita, umeshinda, mpinzani awe na uhai 1 au 100.

Sasa watu wakisikia "umeshinda" wanaona turufu, lendi ya saba ikishuka tu wanaitupa, na mezani mpinzani ana viumbe vitatu vinavyokupiga 8 kila zamu. Umepata 7, umechapwa 8, mana imeisha na kaunta (kuzuia karata ya mpinzani isifanye kazi) huwezi tena. Zamu ile ungecheza Fumigate kwa mana tano, vitatu vyote vinakufa, unapata uhai 3 na zamu ijayo hakuna wa kukupiga. Approach ingesubiri, haiozi.

Uzuri wa kushinda kwa njia hii ni kwamba huhitaji kiumbe hata kimoja. Mpinzani kaja na Fatal Push zake, karata za kuua kiumbe, anazikamata mkononi mchezo mzima hana pa kuzitupa, yaani wewe una karata saba na yeye ana saba lakini tatu zake ni makaratasi. Ukianza kuongeza viumbe "kwa usalama" umezipa Fatal Push zake kazi ya kufanya.

Halafu hili ndilo linalonikera hasa: watu wanamaliza kaunta kuilinda ile ya kwanza. Soma karata! Inauliza kama umeshacheza nyingine yenye jina hilo, haiulizi kama ilipita. Ikikauntiwa inaenda makaburini lakini imeshahesabika, kwa hiyo kama una ya pili mkononi mwache aikaunti, kaunta yako itunze kwa ya pili. Kama huna ya pili ndiyo unaanza kutafuta nyingine kwenye rundo, na hiyo ndiyo sababu pekee ya kubeba zaidi ya moja.

Na ile "ya saba kutoka juu" si zamu saba. Tuseme una lendi nane. Zamu inayofuata unavuta moja kama kawaida, unapitisha bila kufanya kitu, zamu ya mpinzani unacheza Glimmer of Genius (mana nne): unachungulia mbili, zote unaziweka chini ya rundo, unavuta mbili, hapo umeshuka tano. Kisha Opt (mana moja): moja chini, na inayofuata unayovuta ni Approach yenyewe. Umetumia mana tano, tatu zimebaki za kaunta, na zamu yako ikirudi unamaliza. Mtu anayejaza Approach nne huwa amepunguza Glimmer ili zienee, ndiyo maana haioni tena.

Ila chunga lendi inayoitwa Field of Ruin. Mpinzani akivunja nayo lendi yako, kila mchezaji anatafuta lendi ya msingi na kuchanga rundo lake, wewe pia. Nilishapoteza mechi namna hiyo, Approach imebaki karata mbili tu niifikie, nikalazimika kuzichanga zote, nilibaki nimeshika rundo mkononi kama dakika nzima. Tangu siku ile, nikiona ana Field of Ruin mezani nasubiri aitumie kwanza, au nakaa na Approach mbili mkononi ndipo nianze.

Idadi gani sasa? Mimi nabeba tatu, lakini mchezo wa pili mpinzani anatoa Fatal Push anaingiza Duress (inakutupisha karata ya mkononi) na Negate (kaunta ya karata zisizo viumbe), na hapo kusema kweli bado sijatulia, kuna wiki naingiza viumbe kumvizia, kuna wiki naona nimeharibu deki yangu mwenyewe.

Kijana nimemwambia atoe Approach moja aweke Fumigate, na lendi yoyote inayomlazimisha kuchanga rundo aitoe. Acheze mechi kumi hivi halafu anitumie tena.