Ugonjwa ulianza baada ya chanjo: utathibitishaje kuwa chanjo ndiyo chanzo?

Mtoto alichanjwa, siku ya pili akapata degedege. Huo si ushahidi tosha?

Hautoshi. Watoto wengi huchanjwa katika umri uleule ambao degedege na baadhi ya magonjwa ya kurithi huanza kujitokeza, hivyo wapo watakaougua wiki waliyochanjwa hata kama sindano ingekuwa na maji matupu. Sisemi hivi kumlaumu mzazi. Aliyeona mwanawe akibadilika mbele ya macho yake ana haki ya kuuliza, na ana haki ya kujibiwa kwa ushahidi badala ya kubezwa.

Nani huamua, na kwa kipimo gani?

Tuchukue Marekani, ambako mambo haya yamebishaniwa kwa kina. Sheria ya mwaka 1986 iliunda mpango wa kitaifa wa fidia, ulioanza kazi mwaka 1988. Fedha zake hutokana na kodi ya senti 75 za dola kwa kila ugonjwa unaokingwa na dozi moja. Mdai hamshtaki mtengenezaji, wala hatakiwi kuonyesha kwamba kuna aliyezembea. Dai hupelekwa Mahakama ya Madai ya Shirikisho dhidi ya Waziri wa Afya, na huamuliwa na mahakimu maalumu.

Kipimo ni mizania ya uwezekano: chanjo iwe imesababisha madhara kwa uwezekano unaozidi nusu, hata kwa kidogo tu. Mwanasayansi hudai uhakika mkubwa kuliko huo kabla ya kutangaza kwamba kitu fulani husababisha kingine. Ndiyo maana mtu anaweza kulipwa huku sayansi ikiwa bado haijafunga mjadala, na malipo hayo yasichukuliwe kuwa tamko la kitabibu. Tena madai mengi yanayolipwa huishia kwa maafikiano tu, bila serikali kukiri kwamba chanjo ndiyo chanzo.

Kuna njia ya mkato?

Ipo, nayo ni Jedwali la Madhara ya Chanjo. Linataja chanjo, madhara na muda. Mzio mkali wa kutishia maisha baada ya chanjo ya pepopunda uwe umeanza ndani ya saa 4. Maumivu ya bega yaliyotokana na uchomaji wa sindano, ndani ya saa 48. Ugonjwa wa Guillain-Barré, ambao kinga ya mwili hushambulia mishipa ya fahamu, baada ya chanjo ya mafua, kati ya siku ya 3 na ya 42. Ukiingia ndani ya mipaka hiyo, sheria inachukulia kwamba chanjo ndiyo chanzo, na ni juu ya serikali kuonyesha chanzo kingine.

Na kama madhara yangu hayamo kwenye jedwali?

Hapo ndipo kazi ilipo. Mwaka 2005, katika kesi ya Althen, mahakama ya rufaa iliweka mambo matatu ambayo mdai lazima ayathibitishe yote. Kwanza, nadharia ya kitabibu inayoeleza jinsi chanjo hiyo inavyoweza kuleta ugonjwa huo. Kwa mfano, kinga ya mwili kuchochewa kisha ikaanza kushambulia mishipa ya fahamu. Pili, mfuatano wenye mantiki unaoonyesha kwamba ndivyo ilivyotokea kwa mgonjwa huyu. Tatu, muda unaooana na nadharia hiyo. Kinga ya mwili huhitaji siku kadhaa kujijenga, kwa hiyo dalili zilizoanza saa 1 baada ya sindano zinaweza kuibomoa nadharia ya aina hiyo sawa na zilizoanza mwaka mzima baadaye.

Mahakama hiyo haikudai utafiti uliochapishwa. Naona ilitenda haki, kwa kuwa madhara adimu hayawezi kuwa na tafiti nyingi. Lakini nadharia lazima isimame. Madai zaidi ya 5,000 yaliyohusisha chanjo na usonji yalifikishwa mbele ya mahakimu hao, na kesi za mfano zilizoamuliwa mwaka 2009 na 2010 zilishindwa, kwa kuwa ushahidi wa kisayansi uliotolewa haukuwa na nguvu.

Chanzo kingine hugunduliwaje?

Mfano mzito ni ugonjwa wa Dravet, aina ya kifafa kikali cha utotoni. Degedege la kwanza mara nyingi huja na homa kabla mtoto hajatimiza mwaka, na homa hiyo inaweza kuwa ya chanjo. Familia kadhaa zilidai fidia, kisha vipimo vikaonyesha hitilafu katika jeni iitwayo SCN1A. Mwaka 2012 mahakama ya rufaa ilikubali kwamba jeni ndiyo iliyokuwa chanzo cha ugonjwa wenyewe; homa ilikuwa kichocheo cha degedege la kwanza tu.

Nifanye nini mapema?

Nenda hospitali dalili zinapoanza, na hakikisha tarehe na saa zimeandikwa. Tunza kadi ya chanjo yenye namba ya toleo la dozi. Maandishi ya daktari ya siku zile za mwanzo huaminika kuliko kumbukumbu za miaka baadaye, na maoni ya daktari aliyekutibu yana uzito mkubwa. Kutoa taarifa ya madhara kwenye mfumo wa ufuatiliaji si kufungua dai.

Dai lifunguliwe ndani ya miaka 3 tangu dalili ya kwanza, si tangu ugonjwa kupewa jina. Wengi hupoteza haki yao hapo. Chanjo za UVIKO-19 ziliwekwa kwenye mpango tofauti wenye muda wa mwaka 1 tu tangu kuchanjwa. Katika mpango wa kawaida, wakili anaweza kulipwa na mfuko hata dai likishindwa, mradi lilifunguliwa kwa nia njema na kwa msingi wa maana.