Fandesheni Ifuate Ngozi: Ushauri wa Daktari kwa Bibi Harusi na Mpambaji Wake

Harusi zinapofuatana, baada ya Ramadhani na tena Desemba, kliniki yetu ya ngozi huwapokea wanawake ambao hawakuja na ugonjwa wa kurithi wala wa kuambukizwa. Wamepambwa tu.

Mmoja alikuja siku ya nne baada ya kupakwa piko. Rangi yenyewe ilikuwa imeanza kufifia, lakini maua yale yale, jani kwa jani, yalikuwa yamevimba na kujaa majimaji kuanzia vidoleni hadi kwenye kiwiko. Ungeweza kuufuata mchoro mzima kwa kidole huku umefumba macho. Alikuwa hajalala usiku mbili kwa muwasho, na pete ilibidi tuivue kwa sabuni.

Piko si hina, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Hina ni majani ya mhina yaliyosagwa. Hukaa mkononi saa kadhaa, hutoa rangi ya machungwa inayokolea siku ya pili hadi wekundu wa kahawia, na kamwe haitoi weusi wa makaa. Piko ni rangi ya kutia nywele. Weusi wake unatokana na kemikali iitwayo parafenilinidaiamini, ambayo kwenye lebo hufupishwa PPD. Umoja wa Ulaya unairuhusu kwenye rangi za nywele, si kwa kuchora ngozi, na isizidi asilimia 2 wakati wa kupaka. Mchanganyiko wa mchoraji mtaani haupimwi na mtu yeyote, na hupakwa juu ya ngozi tupu. Kwa hiyo ukiona mchoro umeshika weusi ndani ya nusu saa, jua kwamba hiyo si hina, hata aliyekuchora akiapa. Kina somo, wale wanaomfunda bibi harusi, na wachoraji wa Unguja, Mombasa na Tanga wanajua kuikoleza hina kwa ndimu na sukari. Warudi kwenye hina hiyo.

Jambo la pili linalonisumbua zaidi huanza mapema, miezi miwili au mitatu kabla ya harusi. Msichana ananunua kijikopo kisicho na lebo, au krimu tatu anachanganyiwa dukani, kwa sababu anataka "kung'aa kidogo tu" siku yake. Huo ndio mkorogo. Ndani yake mara nyingi mna kimoja kati ya vitu vitatu: haidrokwinoni (dawa ya kufifisha rangi ya ngozi), zebaki, au steroidi kali (dawa za kutuliza uvimbe na muwasho) kama klobetasoli na betamethasoni.

Steroidi ndiyo inayowahadaa watu, kwa kuwa wiki za mwanzo ngozi hulainika kweli, chunusi zikakauka, weupe ukaja. Kisha ngozi huwa nyembamba, mishipa ikaonekana mashavuni, vipele vikarudi kwa kishindo na ndevu zikaota kidevuni. Ukiacha ghafla uso huwaka moto, ukawa mwekundu na kuuma, na ndiyo maana wengi huirudia. Ukiwa umefika hapo njoo kliniki, tutakuachisha kwa utaratibu. Hatumkaripii mtu. Haidrokwinoni ikitumika muda mrefu huweza kugeuza kibao: badala ya weupe, mashavu yanatoka madoa ya bluu iliyochanganyika na weusi ambayo hata sisi hatuna dawa ya kuyaondoa kabisa. Zebaki hupita kwenye ngozi ikaenda hadi kwenye figo, na hubaki kwenye taulo na mito, hata mtoto anayelala na mama yake akaipata. Ukisoma maelezo ya krimu ukakuta unaonywa isiguse dhahabu au fedha uliyovaa, iache dukani. Onyo hilo lipo kwa sababu zebaki hushikana na madini hayo.

Sheria zipo. Mkataba wa Minamata, wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, ulioanza kutumika 2017, unazitaka nchi wanachama kuondoa sokoni vipodozi vilivyotiwa zebaki. Tanzania Bara vipodozi viko chini ya Shirika la Viwango, TBS, tangu 2019, na Kenya kazi hiyo inafanywa na shirika la viwango la huko, KEBS. Lakini mkaguzi hawezi kuingia kwenye mkoba wa kila mtu.

Sasa, kwa nini msichana anautaka huo mng'ao? Nimewauliza wengi, na jibu moja hujirudia: mekapu haimkai vizuri. Akipambwa, uso una rangi yake na shingo ina yake, kwa hiyo anaona kasoro iko kwenye ngozi. Kasoro iko kwenye fandesheni, ile rangi ya ngozi inayopakwa uso mzima.

Usiijaribie mgongoni mwa mkono, maana mkono umepigwa jua kivyake. Chagua rangi tatu zinazokaribiana, chora mistari mitatu myembamba kutoka shavuni, ishuke tayani hadi mwanzo wa shingo. Toka nje au simama dirishani mchana. Taa za duka zinadanganya. Subiri dakika 15, kwa sababu fandesheni nyingi hukolea zikishakutana na mafuta ya ngozi. Mstari utakaopotea, usiouona tena hata ukiutafuta, huo ndio wako. Ngozi nyeusi nazo hazifanani: ipo yenye wekundu ndani yake, ipo yenye umanjano, ipo nyeusi iliyoiva yenye ubluu. Ni kawaida pia paji la uso na kuzunguka mdomo kuwa peusi kuliko mashavu. Mpambaji mzuri huchanganya chupa mbili, na simwoni kuwa anabahatisha.

Zamani mpambaji alikuwa na udhuru. Eunice Johnson wa Chicago, mwandaaji wa maonyesho ya mitindo, alianzisha vipodozi vya Fashion Fair mwaka 1973 baada ya kuona wanamitindo wake weusi wakijichanganyia rangi wenyewe kwa kukosa za kuwafaa. Mwaka 2017 kampuni ya vipodozi ya Fenty Beauty iliingia sokoni na rangi 40 za fandesheni kwa mpigo, na kampuni nyingine zikalazimika kufuata. Mpambaji anayebeba rangi tatu za manjano kwenye sanduku lake leo, kisha akakuambia "utang'aa tu", hajajitayarisha kukupamba wewe.

Kwa joto la pwani, tabaka jembamba hushinda zito. Nawa, paka losheni nyepesi, paka kinga ya jua kama sherehe ni ya mchana, ngoja ikauke, ndipo ugongegonge fandesheni kwa sponji yenye unyevu bila kuisugua. Poda iende kwenye paji, pua na kidevu. Mtindo wa kurundika poda chini ya macho na kuiacha dakika kadhaa ulitoka kwa watu wa jukwaani, wanaotazamwa kutoka mbali chini ya taa kali. Ukumbini shangazi anakubusu shavuni, anaona kila mfereji. Tena poda nyeupe za kumalizia, hasa zenye silika nyingi (unga laini wa madini), kwenye kioo hazionekani, ila kamera ikipiga mwanga zinaurudisha, na picha zinatoka macho yamezungushiwa unga wa muhogo. Kabla hamjatoka saluni, piga picha moja kwa simu, mwanga wake ukiwa umewashwa. Jasho likija, likandamize kwa tishu. Poda juu ya jasho hugeuka udongo.

Kuhusu macho nitasema machache, na nayasema kwa msisitizo. Januari 2024 Wizara ya Afya Tanzania ilitangaza mlipuko wa macho mekundu, na brashi ya wanja inayotoka jicho hili kwenda lile ni njia nyepesi ya kuusambaza ugonjwa kama huo. Bibi harusi aende na wanja na maskara yake. Maskara ikifikisha miezi mitatu tangu ifunguliwe, itupwe, na isiongezwe maji. Wanja wa unga unaouzwa kwenye vikaratasi unaweza kuwa na madini ya risasi, na kwa hiyo nawaomba mama na bibi wasimpake mtoto mchanga machoni, hata kama sisi wenyewe tulipakwa.

Mitindo ya siku hizi ninayoifurahia ni ile ya uso mwepesi, ngozi ikionekana na madoadoa yake, nyusi zikiachwa na unene wake. Singo (msuguo wa maua na viungo) na liwa (msandali uliosagwa) pia vinarudi kwa maharusi, na kwa ngozi isiyo na vidonda sina neno navyo, mradi visisuguliwe kwa nguvu.

Yule bibi harusi wa piko alipona malengelenge baada ya wiki tatu, maua yakabaki mikononi kama makovu mepesi. Nimemwandikia karatasi ya kumwonyesha kila msusi: asitiwe rangi nyeusi ya nywele yenye PPD, kwa maana mwili ukishaikataa kemikali hii huwa hausahau. Amwonyeshe na daktari wa meno pia, kwani baadhi ya dawa za ganzi zina undugu nayo. Ana miaka 24.