Michirizi ya metali kwenye CT ya nyonga na goti bandia

Mtu mwenye nyonga bandia akipigwa CT (eksirei ambayo kompyuta huigeuza picha za vipande vya mwili), picha hutoka na mikanda myeusi na michirizi myeupe inayoanzia kwenye metali. Kibaya zaidi, hujazana pale pale daktari anapotaka kupaona: mpaka wa mfupa na kiungo bandia. Kupunguza michirizi hiyo ni kazi ya hatua kadhaa, na programu maalumu ni mojawapo tu.

Vyanzo vikubwa ni viwili. Metali hunyonya kwanza fotoni (chembe za mionzi) za nishati ndogo, kwa hiyo mionzi inayotokea upande wa pili ina wastani wa nishati kubwa kuliko hesabu za mashine zinavyotarajia. Ukanda mweusi kati ya nyonga mbili bandia hutokana zaidi na hilo. Chanzo cha pili ni uhaba: metali ikiwa nene, fotoni zinazofika kwenye kigunduzi huwa chache mno na kipimo hugeuka kelele. Titani husumbua kidogo kuliko kobalti-kromi, ndiyo maana shina la titani, yaani sehemu inayoingia ndani ya mfupa, laweza kuonekana vizuri huku kichwa cha kobalti-kromi juu yake kikiharibu picha.

Anza na mkao, kwa kuwa haugharimu kitu. Kwa goti bandia, kunja mguu mwingine utoke nje ya eneo linalopigwa. Kwa kiwiko, inua mkono juu ya kichwa ili mionzi isipite kwenye kiwiliwili pia. Kisha pandisha volteji ya bomba la eksirei kutoka kV 120 hadi 140. Ukiacha mAs (mkondo wa bomba mara muda) ilivyo, dozi huongezeka kwa zaidi ya theluthi, tena utofauti wa tishu laini hupungua. Usifanye hivyo kwa mazoea. Wakati wa kuunda picha, vipande vya milimita 2 hadi 3 kwa kichujio laini hutuliza michirizi, ilhali kichujio kikali cha mfupa huichochea. Skeli ya kawaida ya HU (kipimo cha jinsi kitu kinavyozuia mionzi) huishia 3071, hivyo tumia skeli iliyopanuliwa, la sivyo metali yote huwa doa jeupe moja.

Programu za kupunguza michirizi (O-MAR, iMAR, SEMAR na nyinginezo) hutafuta metali, hufuta sehemu yake kwenye data ghafi, hujaza pengo kwa kukadiria kutoka data za jirani, huunda picha upya, kisha huirudisha metali mahali pake. Mtafiti Kalender na wenzake walichapisha njia ya aina hiyo mwaka 1987. CT ya nishati mbili hufanya kazi tofauti: hutengeneza picha za nishati moja ya kukokotolewa, mara nyingi keV 100 hadi 140. Hiyo hufaa kwa mikanda myeusi ya titani, lakini fotoni zisizofika kabisa hairudishi.

Tahadhari kubwa ni hii: makadirio ya programu hizo huweza kuzua mstari mweusi kuzunguka shina unaofanana kabisa na kiungo kilicholegea, au kufuta mfupa mwembamba uliokuwepo. Kwa hiyo tuma daima seti zote mbili, ya awali na iliyosahihishwa, kwa unene uleule wa vipande. Mstari unaozidi milimita 2 ukionekana kwenye zote, linganisha na eksirei za awali. Ukionekana kwenye iliyosahihishwa peke yake, usiandike kwenye ripoti kwamba kiungo kimelegea.