Je, wajua kwa nini wachezaji wanaojaza uwanja wa watu 82,300 hawalipwi, ilhali wana chama cha kuwatetea?

Uwanja wa Croke Park, jijini Dublin, unaingiza watazamaji 82,300, na siku ya fainali ya Ireland nzima ya helingi au ya soka la Kigaeli, michezo ya jadi ya Ireland, ni nadra kuona kiti kitupu. Mkata nyasi wa uwanja ule ana mshahara. Mkurugenzi wa uwanja anao, na mlinzi wa geti hupata ujira wake. Wale 30 wanaokimbia katikati, 15 kila upande, hawapati hata senti kwa kucheza. Wiki inayofuata mmoja amerudi darasani kufundisha, mwingine yuko benki, mwingine anakamua ng'ombe.

Hiyo ni nusu ya ajabu. Nusu ya pili ni kwamba wachezaji hao wana chama cha kuwatetea, GPA (Gaelic Players Association), chenye mtendaji mkuu na watumishi wanaolipwa. Ni kama chama cha wafanyakazi ambacho wanachama wake hawajaajiriwa na yule wanayekaa naye mezani. Sasa wanajadiliana nini?

Historia kwa ufupi. Chama mama ni GAA (Gaelic Athletic Association), kilichoanzishwa mjini Thurles, kaunti ya Tipperary, tarehe 1 Novemba 1884. Kinasimamia helingi (fimbo bapa na mpira mdogo mgumu), soka la Kigaeli (mpira huchezwa kwa mikono na miguu), na michezo mingine miwili mitatu. Kina klabu zaidi ya 2,000, kaunti 32 na majimbo manne. Mtu huchezea klabu ya kwao, na akiwa hodari huitwa timu ya kaunti. GPA kilizaliwa mwaka 1999 kwa ajili ya hao wa kaunti tu. Wachezaji wa kike walianzisha chama chao mwaka 2015, na Desemba 2020 wanachama wa pande zote mbili wakapiga kura ya kuungana.

Kwa nini basi hawalipwi? Jibu linalomjia mtu haraka, na wengi tumewahi kulitoa kwa kujiamini kabisa, ni kwamba pesa zinaliwa. Geti linajaa, mchezaji anatoka mikono mitupu, basi kuna mtu katikati anayenenepa. Tukiangalia hesabu, mwaka 2019 mapato ya makao makuu ya GAA yalikuwa yuro milioni 73.9, na karibu nusu yake, yuro milioni 36.1, zilikuwa viingilio vya getini. Chama hakina wenye hisa wala gawio. Pesa hugawiwa kamati za kaunti, majimbo, viwanja vya klabu, makocha wa watoto na mfuko wa majeruhi. GAA yenyewe husema zaidi ya senti 80 za kila yuro hurudi mashinani. Ukitaka kubishana na hesabu hiyo unaruhusiwa, kwa sababu neno "mashinani" ni gunia pana. Lakini hata ukiipunguza, huoni mahali ambapo tajiri mmoja angejificha.

Tena, mwaka huohuo wa 2019 kaunti zilitumia karibu yuro milioni 30 kuandaa timu zao: chakula baada ya mazoezi, usafiri, jezi, wachua misuli, wachambuzi wa takwimu, kodi ya viwanja. Kwa hiyo pesa zinatumika, na nyingi hasa kwa ajili ya mchezaji. Humzunguka tu, kama maji yanavyozunguka jiwe mtoni. Mchua misuli anayelikanda goti analipwa. Mwenye goti halipwi.

Jibu la pili ni lile la mjanja: "Wanalipwa kichinichini, acheni utoto." Hapa lazima twende polepole, maana malipo ya siri hayaachi risiti. Minong'ono ipo ya miaka mingi, ila kwa kiasi kikubwa inawahusu mameneja wa timu kuliko wachezaji. Peter Quinn, aliyekuwa rais wa GAA mwanzoni mwa miaka ya 1990, anakumbukwa kwa kusema kwamba walipotafuta malipo ya chini ya meza, hata meza zenyewe hawakuziona. Januari 2012 mkurugenzi mkuu wa wakati huo, Páraic Duffy, aliacha utani. Alitoa waraka uliokiri kwamba baadhi ya mameneja walikuwa wakipewa zaidi ya gharama zao, akaweka njia tatu mezani: kuacha mambo yalivyo, kusimamia sheria kwa dhati, au kuwalipa mameneja kwa utaratibu unaojulikana. Kwa wachezaji, kilicho wazi ni kwamba wanaruhusiwa kupokea pesa za matangazo ya biashara. Nyota wa kaunti kubwa anaweza kuonekana kwenye bango la kampuni na akalipwa kihalali. Hilo si malipo ya kucheza, na ni wachache wanaolipata.

Jibu la tatu ndilo lenye makosa yanayofundisha zaidi: kwamba GPA ipo kudai mishahara na siku moja itaipata. Makubaliano ambayo kwayo GAA iliitambua rasmi GPA, mwaka 2010 na kisha 2011, yanakubali waziwazi kwamba mchezo ni wa ridhaa. Wachezaji waliweka sahihi kwamba hawatadai kile ambacho chama chochote cha wachezaji duniani huanza nacho. Wakapewa ufadhili wa chama chao na nafasi kwenye Baraza Kuu la GAA. Ndiyo, GAA ndiyo inayoifadhili kwa sehemu kubwa GPA inayojadiliana nayo. Mtu mwenye shaka atauliza kama mbwa hung'ata mkono unaomlisha. Swali ni la haki, ingawa kama tutakavyoona, meno yapo.

Kwa nini basi shinikizo la mishahara halifiki mahali? Kanuni ya ridhaa ya GAA inakataza malipo ya fedha au ya kitu yanayohusiana na kucheza, inataka marejesho ya gharama yasizidi viwango vya Baraza Kuu, na inakataza mazoezi ya kutwa kama ya timu za kulipwa. Inawaruhusu waajiriwa wa chama kupata mishahara. Lakini kanuni hupinduliwa watu wakitaka. Kinachoishikilia hii ni kitu kilicho chini yake.

Fikiria kwaya ya parokia. Mfano huu hauko mbali, kwa sababu klabu nyingi za GAA zina mipaka ya parokia na majina yake. Mwimbaji wa sauti ya kwanza anajaza kanisa kila Jumapili, na sadaka inaongezeka. Parokia ya jirani inamtamani, lakini haiwezi kuja na bahasha kumchukua, kwani mtu huimba anakosali na anasali anakoishi. Pasipo wa kupandisha dau, sauti yake haina bei. Si kwamba bei ni sifuri. Bei haijawahi kutajwa, kama ambavyo hakuna bei ya mama yako sokoni. Sadaka inakwenda kwenye paa linalovuja na benchi za watoto wa kipaimara, na mwimbaji haoni ajabu, maana watoto hao ni wadogo zake.

Mchezaji wa kaunti ya Kerry yuko hivyohivyo. Huchezea Kerry kwa kuwa ni kwao. Uhamisho upo, lakini unafungwa na makazi na asili ya mtu, na hakuna ada ya kumuuza wala mkataba wa kuvunja. Katika soka la kulipwa silaha ya mchezaji ni mlango: mkataba ukiisha, anatoka. Hapa mlango hauendi popote. Isipokuwa mmoja, ulio mbali na wa mchezo mwingine: ligi ya Australia, ambayo mpira wake unafanana kiasi na wa Kigaeli na ambayo hulipa. Tadhg Kennelly wa Kerry alitwaa ubingwa huko na Sydney Swans mwaka 2005, kisha akarudi nyumbani na kutwaa ubingwa wa Ireland mwaka 2009. Mguu uleule ulikuwa na mshahara Sydney, na Kerry hauna. Mguu haukubadilika, alibadilika mnunuzi.

Mwimbaji wetu basi amebakiwa na silaha moja tu, kunyamaza. Wachezaji wa helingi wa kaunti ya Cork waliitumia mwishoni mwa mwaka 2002. Waligoma, na madai yao hayakuwa mshahara. Walitaka daktari awepo, usafiri wa heshima, jezi na vifaa, nafasi ya kutumia jimu, tiketi za familia. Kwa lugha ya kwaya: nauli, dawa ya kikohozi na joho lisilochanika. Walipata sehemu kubwa ya waliyotaka. Mwaka 2007 GPA ilitishia mgomo wa nchi nzima kuhusu ruzuku ya serikali, na ruzuku ikakubaliwa. Mfuko wa kwanza, wa 2008, ulikuwa yuro milioni 3.5. Ukakatwa vikali wakati wa mdororo wa uchumi, ukapandishwa tena baadaye. Mwaka 2021 serikali iliongeza fungu la wanawake kutoka yuro 700,000 hadi milioni 2.4, ili kila mchezaji wa kaunti, wa kike na wa kiume, apate takriban yuro 1,200 kwa mwaka. Inatoka kwa serikali, si getini, na imepangwa kama mchango wa gharama. Hata hivyo wapo waliopinga tangu mwanzo, wakiona kwamba mchango wa gharama ni binamu wa mshahara.

Pesa inayopiganiwa kwa jasho zaidi ni ya mafuta ya gari. Kwa kiwango cha mwaka 2022, mchezaji alirejeshewa senti 65 kwa kila maili aliyosafiri kwenda mazoezini. Tuseme anafanya kazi Dublin na timu yake iko maili 100 kutoka hapo. Kwenda na kurudi ni maili 200, yaani yuro 130 kwa zoezi moja. Mara nne kwa wiki ni yuro 520. Inaonekana nono hadi uweke mafuta, matairi na saa nne au zaidi barabarani usiku wa kuamkia kazini. Anayeishi jirani na uwanja hapati cha maana, na hapo ndipo marejesho yanapojitenga na mshahara: hodari kuliko wote akikaa maili mbili kutoka uwanjani hupata kidogo kuliko mchezaji wa akiba anayetoka mbali.

Mwishoni mwa 2021 na mwanzoni mwa 2022 pande hizo mbili zilikwama kwenye swali linaloonekana dogo: ni mazoezi mangapi kwa wiki yalipiwe mafuta? GAA ilitaka kikomo cha manne. Wachezaji wakasema meneja akiwaita mara ya tano, watakwenda kwa mfuko wao. Ukitaka kuona kwa nini GAA iling'ang'ana, piga hesabu ya kukisia. Chukua wachezaji 30, wastani wa maili 50 kwenda na kurudi kila mmoja: ni maili 1,500, yaani yuro 975 kwa zoezi moja la ziada. Kwa wiki 20 ni yuro 19,500. Vikosi vya helingi na soka vikiwa 60, zoezi hilo moja la ziada linagharimu yuro milioni 1.17 kwa msimu. Kinachoharibu bajeti ni meneja anayeogopa kushindwa, na mwenye kutuma bili ni mchezaji ambaye hakuomba zoezi lile.

Mafuta, hata hivyo, ni dalili tu. Mwaka 2018 taasisi ya utafiti wa uchumi na jamii ya Ireland, ESRI, ilitoa ripoti iliyoagizwa kwa pamoja na GAA na GPA kuhusu wachezaji wa kaunti. Ilikuta kwamba wapo wanaotumia hadi saa 31 kwa wiki kwa ajili ya timu. Ni wachezaji walewale walioulizwa, na saa walizozitaja wenyewe, kwa hiyo ichukuliwe kama picha na si mizani ya dukani. Lakini hata ukiipunguza robo, ni kama kazi ya pili inayolipa senti 65 kwa maili. Ndiyo maana huduma za GPA ni za ajabu kidogo kwa chama cha wachezaji: ushauri nasaha, ufadhili wa masomo, msaada wa kutafuta kazi. Kilichoadimika kwa wanachama wake ni muda, na muda ukiliwa huondoka na digrii au cheo.

Na wachezaji wa klabu, ambao ni wengi kuliko wa kaunti mara nyingi sana? Kwa muda mrefu hawakuwa na sauti. Mechi zao ziliahirishwa kila timu ya kaunti iliposonga mbele, wasijue watacheza Mei au Septemba. Januari 2017 wakazindua chama chao, CPA. Hakikutaja pesa popote, kilitaka ratiba. Mkutano mkuu wa GAA wa 2021 ulipitisha msimu uliogawanywa, kaunti kwanza kisha klabu, kila upande na miezi yake. Wiki chache baadaye CPA ikatangaza kwamba imepata ilichotaka, ikajivunja.